Chiriku Alivyonyamaza Masika Yote

3 Machi

Mvua zimewahi mwaka huu. Zimenikuta kwenye kliniki ya matiti bila mwavuli, mkoba umebanwa mapajani kama mtu anayeogopa kuibiwa. Ukumbi mzima umejaa wanawake wa rika la mama zangu wakubwa, kila mmoja na msindikizaji wake: binti, mkwe, mjukuu. Muuguzi akatoka na faili, akaita jina langu. Nikasimama. Akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Mgonjwa mwenyewe, nina maana. Mama yako kaenda chooni?"

"Mama yangu alishafariki. Mgonjwa ni mimi."

Akafungua faili, akasoma mwaka niliozaliwa, uso ukamshuka. Kuanzia hapo akawa ananiita mpenzi, hata mlango akanifungulia. Nilijua majibu kabla ya kukaa.

Ni saratani, titi la kushoto. Daktari ni mwanamke wa makamo, ana sauti ya chini na tabia ya kuchora kila anachokisema nyuma ya makaratasi ya zamani. Alinichorea titi, akachora uvimbe, akatia kivuli. Alipochora vizuri hivyo nikashindwa hata kulia. Nilimweleza kwamba zahanati mbili zilishanirudisha nyumbani. Ya kwanza walisema umri wangu bado, ni homoni tu. Ya pili waliniambia nipunguze chai. Penseli ya Daktari ilivunjika ncha.

4 Machi

Kazini. Nimechanganya rangi ya kijani kwa ajili ya geti la mteja mmoja, ikakubali mara ya kwanza. Sijamwambia mtu yeyote.

9 Machi

Leo Daktari ameongea nami muda mrefu, nje mvua inapiga bati mpaka inabidi arudie maneno. Alisema uvimbe wangu wameupima na hauitikii homoni, kwa hiyo vile vidonge wanavyopewa wamama wengi pale ukumbini kwangu havina kazi. Mimi nitaanza na dripu ili uvimbe usinyae, halafu upasuaji. Wamenitoa na damu ya kuangalia vinasaba, maana mama yangu alikufa kwa uvimbe wa titi akiwa hajafika miaka arobaini, na mimi nimeupata mapema kuliko yeye. Majibu hayo yatasema nikatwe kiasi gani, na dawa ipi inifuate baadaye.

"Siwezi kukupa matibabu ya jirani yako," alisema. "Yako yatapimwa kwako."

Hilo nililielewa upesi kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mimi ni mchanganya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mteja anakuja na kipande cha plasta kilichobanduka, anasema nataka hii. Ukimpa krimu ya kwenye kadi ya rangi za kiwandani hairudi kuwa ukuta wake hata siku moja, kwa kuwa ukuta wake umepigwa jua na moshi wa jikoni. Unachukua rangi nyeupe, unaongeza tone la hili, nusu tone la lile, unapaka kwenye kibao, unakausha, unalinganisha. Nilifurahi kidogo kujua kuna mtu ananilinganisha mimi hivyo.

Halafu akauliza kama nataka watoto. Nikacheka. Sina mume, sina mchumba, aliyekuwepo alioa mwaka juzi na kadi ya mwaliko akaniletea dukani mwenyewe. Daktari hakucheka. Alisema dripu inaweza kuharibu mayai ya uzazi, ila ipo sindano ya kuyalaza usingizi kila mwezi ili yapone mengine. "Si lazima uwe na jibu leo. Nataka tu swali libaki lako." Nikakubali sindano. Nilipotoka nikakaa chooni nikalia kwa ajili ya watoto ambao hata sijawahi kuwawazia.

11 Machi

Nimemwambia Chiriku.

Chiriku ni mdogo wangu, ndiye ndugu pekee niliyebaki naye hapa mjini. Mama alimpa jina hilo kwa sababu aliongea kabla ya kuota meno, na tangu hapo hajapumzika. Hana simile. Kila asubuhi ananitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, mrefu, nausikiliza tangu kupiga mswaki mpaka kufunga mlango: mtoto kalala vibaya, shemeji yako kapoteza soksi, jirani kanunua kochi halipiti mlangoni. Mimi namjibu kwa neno moja. Ndivyo tunavyoishi.

Alikuja na mtoto mgongoni, akakaa kitandani kwangu, akaniacha nimalize. Kisha akalia kwa sauti mpaka mtoto naye akalia, nikawa mimi ndiye ninayebembeleza watu wawili. Alipotulia akaanza kupanga. Kila dripu atakuja. Atanipikia uji. Atamwambia shemeji achukue ruhusa kazini. Na mimi niache kuvaa nyeusi, nafanana na mjane.

"Dada, hutakaa pale peke yako hata dakika moja. Unanisikia?"

Nilimsikia. Nililala vizuri.

16 Machi

Dripu ya kwanza. Muuguzi kanipa karatasi ya kuandika joto la mwili, nilichokula na nilichotapika. Nimeibandika kwenye mlango wa kabati. Yaliyobaki nitaendelea kuyaandika huku.

Kiti cha pili kutoka kwangu kakaa mama mmoja mnene mwenye kofia ya kufuma, nyekundu, yenye shada juu. Nimempa jina Mama Kofia. Aliniuliza nimemleta nani.

"Nimejileta."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe? Wewe bado maziwa hayajakauka mdomoni." Halafu akaomba radhi, akanipa nusu ya embe lake.

Chiriku alikuja kama alivyoahidi. Kabla chupa haijafika nusu alishajua jina la kila mtu, nani ana wajukuu wangapi, na muuguzi gani ana ugomvi na wifi yake. Wamama walimcheka mpaka mirija ikatikisika. Mama Kofia alisema mdogo wako ni dawa kuliko hii ya kwenye chupa. Niliona fahari, kana kwamba mimi ndiye niliyemtengeneza.

17 Machi

Nimetapika kila kitu, na embe pia.

29 Machi

Nywele zimetoka bafuni kwa mkupuo mmoja. Nimezikusanya, nimezitupa, nimefunga kitambaa. Dukani Mzee kaniona hivyo. Mzee ndiye mwenye duka, mtu wa kugomba kutwa, anagomba hata na mzani. Leo hakugomba. Alinihamisha kutoka chumba cha kuchanganyia akanileta mbele kaunta, eti tina inanidhuru, ile dawa ya kuyeyushia rangi ya mafuta. Kweli harufu yake sasa inanigeuza tumbo. Lakini kaunta sina ninachofanya. Namsikia kule nyuma anachanganya mwenyewe. Mteja aliagiza bluu ya mawingu, kapewa bluu ya mlango wa bohari.

Sindano ya kulaza mayai imeleta joto la wazee. Linapanda shingoni ghafla mpaka kitambaa kinalowa. Miaka thelathini na moja, najipepea na kadi za rangi.

2 Aprili

Majibu ya vinasaba yametoka. Ninacho. Kinasaba kimoja kina kasoro, nimekirithi, na karibu hakuna shaka ni kutoka kwa mama. Ndicho kilichomuua yeye. Daktari akachora mama juu, mistari miwili ikishuka, mimi upande mmoja. Upande wa pili akaacha duara tupu.

"Una ndugu wa tumbo moja?"

"Mmoja. Wa kike."

"Kwake ni nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Akiwa nacho, tunaanza kumwangalia mapema, kabla hakijafanya kazi. Akiwa hana, anaendelea na maisha yake. Lakini lazima apime, na mimi siwezi kumpigia. Ni wewe."

Nilitazama lile duara tupu. Yote aliyoongeza kuhusu mimi, kwamba huenda ikafaa kukata matiti yote mawili, kwamba ipo dawa ya vidonge kwa watu wenye kasoro hii hasa, niliyasikia kwa mbali. Niliomba ile karatasi aichane.

4 Aprili

Nimeenda kwa Chiriku. Mvua ilinyesha njia nzima, nikafika nimelowa, akanivua kitambaa akanipangusa kichwa kipara huku anataniana nacho. Alikuwa ananyonyesha. Nilitaka nisubiri amalize, kisha nikaona nikisubiri nitapata sababu nyingine ya kusubiri. Nikamwambia.

Sijawahi kumwona hivyo. Alinyamaza. Hakulia, hakuuliza, hakutaja Mungu. Alimtoa mtoto titini taratibu, akafunga vifungo vya blauzi kimoja kimoja, akaniwekea mtoto mapajani. Akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

"Utaenda kupima?"

"Nimekusikia, dada."

"Daktari anasema ukienda mapema..."

"Nimekusikia."

Mtoto alinitolea macho, naye kashangaa kimya kile. Nilipoaga, Chiriku alinisindikiza mpaka mlangoni tu.

6 Aprili

Dripu ya pili. Hakuja. Katuma maandishi: Mtoto ana mafua. Pole dada.

Maandishi. Mtu ambaye hajawahi kuandika sentensi kama anaweza kuisema.

7 Aprili

Hakuna ujumbe wa sauti.

8 Aprili

Hakuna. Nimepiga mswaki kwa kusikiliza mvua.

13 Aprili

Nimemtumia mimi wa sauti, wa kwanza maishani. Nilijisikiliza baadaye, naongea kama ninayesoma risiti. Alijibu kwa maandishi: Asante dada. Tuko salama.

Kazini Mzee kaniuliza yule mdogo wako kelele kapotelea wapi, mbona hapiti tena kutuvurugia kadi. Nikasema ana mtoto mdogo. Ninavyomtetea kwa watu ndivyo ninavyozidi kumchukia nikiwa peke yangu. Najiambia labda anaogopa. Halafu najiambia, na mimi je? Mimi siogopi? Nani kanipa ruhusa ya kukaa nyumbani?

19 Aprili

Nimeenda bila kumwambia. Shemeji alifungua mlango nusu, akasimama katikati kama askari wa benki asiyeijua kazi yake. Ni mtu mwema na hajui kusema uongo.

"Karibu, shemeji. Ila mwenzangu... katoka. Kaenda dukani."

"Na mvua hii?"

"Ndiyo. Na mwavuli."

Viatu vya Chiriku vilikuwa hapo chini kwenye mkeka, vile vya njano alivyonunua tukiwa pamoja, vikavu. Mwavuli uliegemea ukuta. Shemeji aliona ninachokitazama, naye akakitazama. Ndani mtoto alicheka, na mtu akamnyamazisha.

"Mwambie nilipita," nikasema.

Nilirudi nikiwa na hasira ambazo sikujua kama ninazo. Nilipofika kwenye ghorofa ninalokaa nikasikia majirani wanacheka kwenye ngazi, nikageuka nikasubiri chini mpaka wamepita, nisije nikasalimiwa.

27 Aprili

Dripu ya tatu. Mama Kofia alihamisha kiti chake akaja jirani. Mwanawe wa kiume humshusha getini kisha humpitia jioni, kwa hiyo hata yeye ni wa kujileta. Nilimweleza kwa ufupi. Nilitaka amseme Chiriku, anisaidie kumchukia. Hakumsema.

"Mimi binti yangu nilimwambia apime, akaniambia mama unaniloga. Hatukuongea mpaka alipojifungua." Akanirekebishia kitambaa. "Anakupenda. Hilo halina mjadala. Ila usimngoje njaa ikakuuma. Kula."

Nikala. Mkate alionipa ulikuwa na ladha ya sarafu, siku hizi kila kitu kina ladha ya sarafu.

4 Mei

Niko wodini, naandika nimelala. Jana joto lilipanda, nikatetemeka mpaka meno yakagongana. Muuguzi alishaniambia nisisubiri, nikachukua teksi mwenyewe nikiwa na blanketi. Damu yangu imeishiwa askari, ndivyo daktari wa zamu alivyosema. Nimewekwa chumba cha peke yangu, mlango umefungwa, wanaoingia wanavaa barakoa.

Waliuliza namba ya ndugu wa karibu. Nilikaa nayo mdomoni, namba ya Chiriku, naijua kuliko yangu. Nikawapa ya Mzee.

Alikuja mchana. Alisimama mbali, barakoa imempanda mpaka machoni, hajui pa kuweka mikono. Alikuwa ameambiwa asilete matunda wala maua, kwa hiyo kaleta kadi mpya za rangi za mwaka huu, kitita kizima. Alisema duka halina mwelekeo. Alisema kuna mteja kapaka chumba cha wageni kikatoka kama chumba cha maiti na anadai arudishiwe. Nilicheka, kikohozi kikanibana, muuguzi akamtoa.

Nimeshinda nasoma majina ya rangi. Ganda la Yai. Vumbi la Asubuhi. Mchanga Mkavu. Dirisha langu linatazama ukuta wa jengo la pili, na huo hauko kwenye kadi yoyote. Kama Mama angekuwepo angekaa hapo kwenye kiti cha plastiki na kunigombeza kwa kutomaliza supu. Nimemkumbuka mpaka nikamkasirikia.

5 Mei

Joto limeshuka. Mvua haijapungua.

8 Mei

Nimeruhusiwa. Chumba kina harufu ya unyevu, ukungu umeota nyuma ya kabati. Chiriku kaandika: Sisi salama dada. Wewe je? Nikajibu: Salama. Wote wawili waongo.

18 Mei

Dripu ya nne. Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Mama Kofia alikuwa na jambo, nilimwona anamung'unya maneno tangu alipokaa. Mwisho akasema, "Yule mdogo wako mwenye maneno mengi, mlishapatana?"

"Bado."

"Basi labda hukujua. Nilimwona hapa. Mwezi uliopita, maabara, kakunja mkono na pamba. Nikadhani kaja nawe."

Alipima. Wakati namlaani, yeye alishapima.

"Na nikamwona tena," Mama Kofia akaendelea, sasa anatazama kofia yake badala ya uso wangu. "Siku za mwanzo za mwezi huu, nilipokuja kupima damu. Alitoka chumba cha Daktari. Analia, mwanangu. Analia kile kilio cha kuziba mdomo. Nilimwita hakusikia."

Siku za mwanzo za mwezi huu mimi nilikuwa juu wodini. Tulikuwa jengo moja. Yeye analia chini na mimi nasoma kadi za rangi.

Kwa hiyo anacho. Ndiyo maana ya kimya chote kile. Kapewa majibu, kayameza, kaenda nyumbani kumnyonyesha mwanawe bila kumwambia mtu, ili mimi nisibebe na la kwake. Na mimi nimekaa hapa kila siku nikimwandika kama adui.

19 Mei

Nimemuuliza Daktari kwa simu. Akasema kwa upole kwamba habari za mgonjwa mwingine hawezi kunipa, hata awe pacha wangu. Alisema "mgonjwa mwingine". Amesema mgonjwa.

25 Mei

Daktari kaniita tuamue upasuaji. Uvimbe umesinyaa sana, kaufurahia kama mwanafunzi aliyefaulu. Alinichorea njia mbili: kukata upande wenye uvimbe na kuuchunga wa pili kwa vipimo kila mara, au kukata yote mawili. Akasema wapo wa umri wangu na kinasaba changu waliochagua hivi na waliochagua vile, na wote hawakukosea. Hatanisukuma.

Nilimwambia nataka yote mawili. Nilisema haraka, bila kumeza mate, na akaniuliza kwa nini. Nikasema sitaki kuishi nikiungoja uvimbe wa pili. Hiyo ni kweli. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikuitamka: nilitaka kumtangulia Chiriku. Ikifika zamu yake ya kuamua, awe ameshaona mtu aliyefanya na bado anafunga vifungo vya blauzi, anapika, anaenda kazini. Nataka asiingie kwenye chumba kile bila kujua kinavyofanana ndani.

Usiku wa jana sikulala kwa huzuni, ila leo, kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze, nimehisi nina mtu. Nimepanga kila kitu kichwani. Vitambaa vyangu nitampa vile laini. Nitamwambia asile embe siku ya dripu. Nitamwonyesha muuguzi mwenye mkono mwepesi wa sindano na yule wa kumkwepa. Nitakaa naye kila dakika, kama alivyoniahidi yeye.

1 Juni

Mvua leo manyunyu tu. Mzee kanirudisha chumba cha kuchanganyia, dirisha wazi na feni, rangi za maji peke yake. Nimetengeneza krimu ya ukuta wa mtu, ikakubali mara ya tatu. Mkono umesahau kidogo.

6 Juni

Nimeenda kwa Chiriku, asubuhi kweupe. Barabara imekauka pembeni. Alifungua mwenyewe, na aliponiona akashika mlango kama unaotaka kuanguka. Amekonda. Nilimkumbatia kabla hajapata la kusema, nikamketisha, nikaanza hotuba niliyoiandaa.

"Mdogo wangu, najua ulienda kupima. Najua na majibu. Usimtafute aliyenieleza, hana kosa. Sina hasira tena. Ulitaka kunifichia nisiumie, nimekuelewa. Lakini hutakaa na kitu hicho peke yako. Daktari wangu ni mzuri, nitakupeleka mwenyewe. Kwako wamewahi, wewe hutafika nilipofika mimi."

Alinitazama mdomo wazi. Mtoto alikuwa chini anabamiza kifuniko cha sufuria sakafuni.

"Dada, umeambiwa nini?"

"Kwamba unacho."

"Sina," alisema.

"Huna nini?"

"Sina hicho kinasaba. Mimi sikurithi. Niko mzima, dada." Kisha akajifunika uso kwa upande wa kanga. "Nisamehe."

Nilimwambia hakuna cha kusamehe, nikamwambia ashukuru Mungu, nikasema kila linalosemwa. Yeye akawa amefunguka, yakamtoka yote kwa pamoja, yule Chiriku wangu ninayemjua. Kwamba siku niliyomkuta nyumbani akajificha alikuwa anasubiri majibu na angeniangalia tu angepiga kelele. Kwamba Daktari alipomwambia hana alilia pale pale kwa furaha, akatoka amejiziba mdomo kwa aibu, maana ukumbi mzima ulikuwa umejaa watu kama mimi.

"Ningekuambiaje? Ningekuja na sauti gani? Wewe umekaa na mrija mkononi, mimi nije nikwambie dada nimepona ugonjwa ambao sijaumwa? Nilikuwa naanza kukutumia sauti kila asubuhi, nasikia furaha yangu imo ndani, nafuta. Nilifika hapa nyumbani siku ile, dada, nikacheza. Jikoni. Nilicheza nikiwa peke yangu mpaka nikagonga meza. Halafu nikakukumbuka. Tangu hapo sijaweza kukutazama."

Nitaandika ukweli hapa kwa kuwa hakuna wa kuusoma. Alipotamka "sina", kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa furaha. Nilihisi nimeachiwa mkono katikati ya barabara. Nilikuwa nimeshamwekea nafasi. Furaha ilikuja, ilikuja kweli, lakini ilikuja ya pili.

Nikamwambia, "Nionyeshe ulivyocheza."

"Dada, acha."

"Nataka kuona. Simama."

Alikataa, nikamvuta mkono. Akasimama katikati ya jiko lile dogo, akacheza, kwanza bega moja, huku analia na kamasi zinamtoka, kisha akacheza kweli, kiuno na mikono juu, anacheka na kulia, na mtoto akampigia kifuniko. Nami nikapiga makofi. Sijawahi kuona mtu mzuri kama yeye. Matiti yake yanaruka ndani ya blauzi, mazima yote mawili, yana maziwa, hayana deni na mtu.

Alitaka kunisindikiza. Nikamwambia abaki na mtoto, atakuja siku ya upasuaji. Atakuja, najua, na ataongea mpaka wamfukuze wodini.

Nimerudi kwa miguu, mbingu safi. Nimefika, nimevua viatu, nimekaa kitandani nikalia mpaka kitambaa cha kichwani kimelowa. Masika yote nilikuwa namwombea awe mzima, na ni mzima. Mahali pengine ndani yangu nilikuwa naomba nisiwe peke yangu, na hilo sikulipata. Nashukuru. Ningechagua hivi hivi kama ningeulizwa. Lakini nimelia, na bado nalia.